Mdhamini wa Mdhamini: Sacco Inapohitaji Hifadhidata ya Grafu

Maswali mengi ambayo maafisa wa mikopo katika Sacco za hapa Nairobi hutuuliza sisi tunaowawekea mifumo kuhusu mawakala wa akili unde, yaani programu zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida, huwa, kwa hakika, ni maswali kuhusu jinsi taarifa zao zilivyohifadhiwa. Afisa anataka kujua hivi: mkopo wa mwanachama huyu ukikwama, ni akina nani watakaokatwa akiba zao, na miongoni mwao ni nani tayari amemdhamini mtu mwingine anayechelewesha malipo? Wakala hujibu kwa ufasaha, bila kusita, na mara nyingi hukosea.

Wakala wa kawaida hutafuta katika nyaraka vipande vya maandishi vinavyokaribiana kimaana na swali, kisha hutunga jibu kutokana navyo. Njia hiyo inatosha kabisa mtu anapouliza sheria ndogo zinasemaje kuhusu kujitoa uanachama. Udhamini, hata hivyo, ni mnyororo. Achieng amemdhamini Mutua, Mutua amemdhamini Kamau, naye Kamau amemdhamini Achieng. Fomu hizo ni tatu, pengine zilijazwa katika miaka tofauti, na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba watu hao wanashikiliana wenyewe kwa wenyewe.

Hifadhidata ya grafu humweka kila mwanachama na kila mkopo kuwa nodi, yaani nukta kwenye mtandao, na kila udhamini kuwa kiungo chenye sifa zake: kiasi kilichodhaminiwa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Tarehe hizo si pambo, kwa sababu mdhamini aliyebadilishwa mwaka jana hapaswi kuhesabiwa leo, ingawa fomu yake ya zamani ingali kwenye faili. Kazi ya wakala hubaki kuligeuza swali la afisa kuwa ombi ambalo hifadhidata inalielewa; jibu lenyewe hutoka kwenye viungo vilivyorekodiwa, na afisa anaweza kuonyeshwa kila hatua iliyopitiwa.

Teknolojia hii si ngeni, lakini mwaka 2024 ulileta mabadiliko makubwa. Mwezi Aprili, ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilichapisha GQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za grafu, ikiwa ndiyo lugha mpya ya kwanza ya hifadhidata kupewa kiwango na shirika hilo tangu SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za majedwali, mwaka 1987. Microsoft nayo ilitoa GraphRAG, mfumo ambamo modeli ya lugha, yaani akili unde inayosoma na kuandika maandishi, husoma nyaraka, huchambua watu, vitu na mahusiano yao, kisha hujenga grafu kutokana nayo. Mwezi Novemba, Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, inayorahisisha kumwunganisha wakala na hifadhidata bila kuandika programu mpya kwa kila mfumo.

Hata hivyo, hatuwashauri wateja kuiachia modeli ijenge grafu ya wadhamini peke yake. Mwanachama mmoja huandikwa “J. Mutua” kwenye fomu, “Mutua Joseph” kwenye Excel, na jina la tatu kwenye taarifa ya M-Pesa; modeli ikimwona kuwa watu watatu, mnyororo hukatika na hakuna atakayegundua. Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi zaidi: kulinganisha nambari za kitambulisho, kisha kumwachia karani wa Sacco aamue pale zinapokosekana. Kazi hiyo inachosha, na gharama yake ndiyo sehemu kubwa ya ankara yetu.

Kuna wateja tunaowaambia wazi kwamba hawahitaji mfumo mpya. Ikiwa unachotaka ni jumla ya akiba, salio la mikopo au orodha ya waliochelewa, majedwali ya kawaida yanatosha. Hata mnyororo mfupi wa wadhamini unaweza kufuatwa ndani ya PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, ambayo pia ina kiongezi kiitwacho Apache AGE kwa maswali ya grafu. Mfumo maalumu wa grafu kama Neo4j hufaa pale maswali ya mahusiano yanapoulizwa kila siku na hatua zinapokuwa nyingi.

Kwa kuwa taarifa hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, wakala tunayemweka hupewa ruhusa ya kusoma tu, huona matawi ambayo afisa anayemtumia anaruhusiwa kuyaona, na kila ombi lake huandikwa kwenye kumbukumbu. Anayetaka tupime hali ya rekodi zake atuletee nakala ya rejista ya wadhamini iliyoondolewa majina, huku kila kitambulisho kikiwa kimebadilishwa kwa nambari bandia isiyotumika kwa mtu mwingine yeyote.