Sahani za kizungu za zidakani nazo ni mali ya Lamu

Mhariri,

Salaam alaikum. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na kila msimu wa wageni ukifika linazidi kuniuma. Huku kwetu Lamu mlango wa kuchonga ukitaka kung'olewa kwenye nyumba mtaa mzima utajua, wazee watakemea, watu watauliza unapelekwa wapi, na hata mtoto wa chuoni anajua mlango wa kale haubebwi ovyo. Lakini sahani ya zidakani, yani ile inayopangwa kwenye vishubaka vya ukutani, ikitoka, saa ya ukutani ikitoka, kiti cha kusukwa kwa henzirani, ule mmea kama mwanzi, kikitoka, hakuna anayesema neno. Ukiuliza unajibiwa aah, hivyo hata si vyetu, ni vyombo vya kizungu tu, wacha virudi kwa wenyewe.

Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Chombo kilichotoka Ulaya kwa meli zaidi ya miaka mia iliyopita, kikanunuliwa na babu yako kwa pesa yake, kikatundikwa ndani ya nyumba ya mawe Mkomani, kikatazamwa na maharusi vizazi vitatu vinne, hicho ni chombo cha Lamu. Kilikotengenezwa ni historia yake ya mwanzo tu, maisha yake yote yamekuwa hapa.

Mimi ni fundi wa samani na karakana yangu iko Langoni, kwa hivyo vitu hivi napita navyo mkononi kila wiki, vingine vinaletwa kutengenezwa na vingine, nasikitika kusema, vinaletwa kupigwa rangi ili viuzwe haraka. Namna vinavyotoka majumbani naijua. Dalali anakuja na mgeni wake, shikamoo nyingi, anaomba maji ya kunywa, na huku jicho liko kwenye zidaka, anapiga picha na simu anaituma anakojua yeye, kesho yake anarudi na noti chache na kumwambia mama wa watu hii imepasuka mama, haina kazi, nakusaidia tu. Mama ana mtoto anadaiwa karo, anachukua. Simlaumu mama hata kidogo, shida haina adabu. Ninachotaka ni auze akiwa anajua anauza nini, na kama sheria inakataza kitu kile kutoka nje ya nchi basi ajue hilo pia.

Maana sheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inataja mlango na fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946, hilo wengi wanalijua, lakini sheria hiyo hiyo inasema kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, ukitoa vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa Kenya AU KULETWA Kenya kabla ya mwaka 1895. Someni tena hapo, au kuletwa. Yani sahani ya Uholanzi iliyofika Lamu mwaka 1880 iko ndani ya sheria, haitoki nje bila kibali, na mwenye kufanya biashara ya vitu kama hivyo anatakiwa awe na leseni. Sasa nawauliza, ni madalali wangapi mmewaona nayo?

Swali linalofuata watu wananiuliza, sasa mimi nitajuaje kama ni ya kabla ya 1895? Geuza sahani chini. Wallahi ni jambo dogo na hakuna anayelifanya, tunatazama maua ya mbele na historia yote iko nyuma. Sahani nyingi za majumba yetu zina mhuri wa Maastricht huko Uholanzi, kile kiwanda cha Petrus Regout kilichoanza miaka ya 1830, na alama yake ni mnyama aliyelala mwenye kichwa cha mtu, ule wa Misri. Nyingine ni za Sarreguemines, Ufaransa. Za Uingereza ndizo rahisi zaidi kujua umri wake, maana wale walikuwa wanasajili michoro serikalini. Ukiona nyuma ya sahani alama yenye umbo la uru kama wa kwenye karata, na herufi na namba kwenye pembe zake, hiyo ilitumika kati ya 1842 na 1883, kwa hivyo mchoro wako umesajiliwa kabla ya 1895 bila ubishi. Baada ya hapo, kuanzia 1884, wakaacha uru wakaanza kuandika Rd No na namba inayoenda mbele, na namba ikizidi kama 247,000 hivi basi huo mchoro umesajiliwa 1895 au baadaye. Tena Marekani walitunga sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hivyo sahani yenye neno England peke yake mara nyingi ni ya 1891 kuja huku, na yenye Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20 kabisa. Hiyo ya Made in England ukiiuza sheria ya vitu vya kale haikushiki, ni yako na soko lako.

Halafu kuna vile vitundu. Sahani nyingi za zamani za huku, kwenye ule ukingo wa chini unaokalia meza, zimetobolewa vitundu viwili vidogo vya kupitishia uzi ili zitundikwe ukutani. Dalali akiona vile vitundu anakwambia imeharibika, inashuka bei. Sikubali! Sahani kama ile ilitoka kiwandani kwa maelfu na ikauzwa kila bandari, zikiwa nzima ziko kote, lakini iliyotobolewa vile ina alama ya nyumba zetu mwilini mwake, inasema yenyewe nilitundikwa ukutani kwa Waswahili. Mimi nikishika moja huwa napitisha kidole pale, kando ya kitundu kuna mkwaruzo wa uzi, na vumbi la chokaa limeingia ndani halitoki hata uoshe na mswaki. Hicho ndicho cha kulipia zaidi, sio cha kupunguzia. Zikiwa na pini za chuma za kuungia ufa vilevile, mtu alizithamini hadi akaziunga badala ya kutupa.

Sasa nije kwenye viti maana hapa ndio kazi yangu. Vile viti vyepesi vya mbao ya duara na kitako cha henzirani ambavyo wengi wenu mnavyo barazani na mnadhani ni vya Bombay, vingi asili yake ni Vienna, Austria. Alikuwa fundi anaitwa Michael Thonet, mzaliwa wa Boppard Ujerumani, akagundua namna ya kuvukiza fito za mti wa bichi kwa mvuke mpaka zinalainika kisha kuzipinda ndani ya kalibu ya chuma, na upande wa nje anafunga bamba la chuma ili ufito usipasuke unapovutika. Kiti chake namba 14 kilitoka 1859. Kina vipande sita, skrubu kumi na nati mbili basi, na viti 36 vikifunguliwa vinaingia kwenye kasha la mita moja kila upande, ndio maana vilisafiri dunia nzima mpaka vikafika kwetu. Na hapa nataka mafundi wenzangu wanisikize. Samani nyingine za Ulaya, zile kabati za kupakwa ngozi nyembamba ya mbao, zikifika pwani zinaachia, maana gundi yao ya zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama na unyevu wa bahari unailainisha, utakuta ile ngozi ya mbao imejikunja na droo hazifungi. Kiti cha Thonet kinadumu kwa sababu kinashikwa na skrubu. Sasa fundi akija akatoa skrubu akapiga misumari minne, amekiua, kesho ule ufito unapasuka pale pale kwenye msumari na hakuna wa kuupinda mwingine kama ule hapa Lamu. Kaza skrubu, ikiwa tundu limelegea jaza kijiti cha mbao na gundi ukaze tena, kitako suka upya kwa henzirani kama kilivyokuwa, na ukikuta mhuri au karatasi ya kiwanda ndani ya ule mzunguko wa kitako tafadhali usiipige msasa. Thonet na J. & J. Kohn, kiwanda kingine cha Austria cha viti kama hivi, wote walikuwa wanagonga majina yao pale. Uhodari wa Thonet ulianza kuigwa na wengine baada ya hataza yake, yani haki ya kisheria ya kutoigwa, kuisha 1869, kwa hivyo kiti kisicho na jina sio lazima kiwe feki, lakini chenye jina ukilifuta umemtoa mwenyewe pesa na umetutoa sote historia. Rangi ya dhahabu ya kupuliza ndio kabisaa naomba tuache, kiti kina rangi ya miaka mia ya mikono ya watu halafu kinapuliziwa dakika kumi kifanane na viti vya ukumbi wa harusi.

Saa na taa nitapita haraka. Saa za ukutani zenye nyota ya ncha nane ni Junghans ya Schramberg, Ujerumani, na hiyo nyota ya ncha nane waliisajili 1890. Taa za shaba, wacheni msasa na asidi, sugua na ukwaju taratibu kama walivyofanya bibi zetu, na ule weusi uliokaa kwenye mikunjo uacheni.

Kwenye fedha na dhahabu ndipo kina mama wanapolizwa zaidi. Kuna ile riale kubwa ya fedha yenye picha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, na baada ya hapo waliendelea kuigonga na tarehe ile ile karne nzima na zaidi, Vienna, London, Roma, mpaka Bombay, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na huku kwetu walikuwa wanaiamini ile sura na ile tarehe. Kwa hivyo anayekwambia yako ni ya miaka zaidi ya 240 kwa kusoma tarehe tu hajui, na anayekwambia haina thamani anakudanganya, ni gramu 28 na kidogo, na fedha safi ndani yake ni 833 kwa elfu. Sonara wetu waliyeyusha riale hizi wakatengeneza bangili na mitali, kwa hivyo fedha ya Austria iko kwenye miguu ya bibi zetu, na bangili ile usitafute mhuri wa Ulaya juu yake maana ni kazi ya sonara wa pwani, na kazi yake peke yake ina bei mbali na uzani. Mkufu wa pauni, zile sarafu za dhahabu za Uingereza, nao, kabla hujaupeleka kuyeyushwa tazama kila pauni mwaka wake na kiherufi kidogo cha kiwanda, pauni ni karati 22 gramu karibu 8 zote sawa, lakini wakusanyaji wanalipa zaidi kwa baadhi ya miaka na viwanda, na sonara wa mizani hakwambii. Na vijiko na mabuli yanayouzwa huku kama fedha tupu, tazama nyuma. Fedha halisi ya Uingereza ina simba anayetembea, fedha 925 kwa elfu. Ukiona EPNS hapo hakuna fedha ila ya kupaka kwa umeme, ufundi ambao kina Elkington wa Birmingham waliusajili 1840. Sio kitu kibaya, lakini tusimuuzie mgeni kama fedha, maana uongo huo unarudi kuchafua duka la kila mtu wa Lamu.

Mhariri, sisemi watu wasiuze. Nasema kabla ya kuuza pigeni picha mbele na nyuma, andikeni kwenye karatasi kilikuwa cha nani, kilikaa chumba gani, kilikuja na nani kama mzee anakumbuka, na karatasi hiyo iende na chombo na nakala ibaki nyumbani. Chombo chenye maneno yake kinauzika bei nzuri kuliko kisicho na maneno, hilo ni la soko kabisa. Na vya kabla ya 1895 vipelekwe kwanza kwa watu wa makumbusho wavione.

Kwao makumbusho pia nina ombi. Mji wetu umeingia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, tuna makumbusho pale pwani, tuna nyumba ya Kiswahili, tuna ile posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888 ikafungwa 1891, kwa hivyo elimu ya vitu vya Ulaya vilivyoishi Lamu haiko mbali na kazi zao. Tengeni siku moja kila mwezi, mtu aje na sahani yake au bangili yake aambiwe ni nini bila kuulizwa anauza au hauzi, bila kuogopa kwamba atanyang'anywa, maana hiyo hofu ndio inayowafanya watu wauzie dalali usiku. Na nyinyi gazetini chapisheni siku moja picha za alama hizi, lile simba, ile uru, mhuri wa Maastricht, kubwa za kuonekana, watu wakate wabandike jikoni.

Siku hiyo ikipangwa mimi nitaleta kiti kimoja cha Thonet nikifungue mbele ya watu skrubu moja moja mpaka kiwe vipande sita, na vijana wa ufundi waje wajaribu kukirudisha wenyewe. Vifaa na meza natoa karakanani kwangu, bure.

Fundi samani,
Langoni, Lamu