Uwaulize wanaomba wapi

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Kanga zimefika salama na mama anakushukuru sana. Ya kwake ameifunga tangu juzi, hataki hata kuifua. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mvua zimetuharibia karafuu zilizokuwa bado majamvini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwamba kanisa lenu limekuchagua wewe uende safari hii kwenye Jukwaa la Kijamii la Dunia, ule mkutano wa wanaharakati wa nchi zote. Unaniambia mtakuwa na ibada ya pamoja, Waislamu na Wakristo, kwa ajili ya watu wa asili wanaonyang'anywa ardhi zao, na unaniuliza nikutilie maneno gani kwenye dua. Kabla ya dua, shoga, nataka turudi Kasarani, kule uwanjani Nairobi, tulipohudhuria jukwaa hilohilo sote wawili.

Januari 2007. Tulivuka kwa boti mpaka Dar, tukapanda basi, tukashuka Nairobi miguu imevimba kama maandazi. Tuliandamana kutoka Kibera mpaka Uhuru Park, wewe umeshika ncha moja ya bango na mimi ya pili. Yote hayo unayakumbuka. Ninachotaka ukumbuke khasa ni lile hema la watu wa dini. Padri alisoma, kisha mimi nikaombwa nilete dua. Nikaomba kwa sauti, kwa moyo wangu wote, Mungu awasaidie "ndugu zetu Wandorobo" wa msitu wa Mau, hukohuko Kenya. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni kuwaita.

Yule mzee alikaa nyuma kabisa, amejitupia ngozi ya pimbi begani. Alingoja mpaka Amin. Akaja mbele taratibu, akaniambia, "Mwanangu, mimi si Mndorobo. Hilo ni jina tulilopachikwa na Wamasai, maana yake fukara asiye na ng'ombe. Sisi ni Ogiek." Hakukasirika. Alitoa kibuyu, akaninong'oneza ninyooshe kiganja, akanimiminia asali. Mpaka leo ninaiona: nyeusi, nzito, ina harufu ya moshi, na kipande cha nta kimeelea katikati. Nilikuwa ningali nairamba aliposema, "Mmetuombea vizuri. Lakini mbona hakuna aliyetuuliza sisi tunaomba wapi?"

Nilinyamaza. Wewe ndiye uliyemuuliza, na ndipo alipotueleza habari za chemchemi, mapango, makaburi ya wazee wao, na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, kila ukoo na sehemu yake. Kumbe msitu ule ni msikiti wao.

Na mimi Mpemba ndiye niliyepaswa kuwa wa mwanzo kulielewa hilo. Si tuna kisiwa chetu cha Misali? Tangu utotoni tunasimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapa akaomba msala wa kusalia, haukupatikana, akasema kile kisiwa kilichoelekea kibla ndicho kitakachokuwa msala wake. Kisiwa kizima, na miamba yake na popo wake na kasa wake, ni msala. Akija mtu kesho akasema Misali ni pori tu, watu wake waondoke, nitalia kwa uchungu wa dini kabla ya uchungu wa samaki. Sasa kwa nini msitu wa mwenziwangu niuone miti mitupu?

Miezi minane baada ya Kasarani, tarehe 13 Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Nchi 144 zilikubali, 4 zikakataa, 11 zikajizuia, na Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizojizuia. Mwaka 2009 Waogiek wakapewa siku 30 watoke Mau, wakaambiwa ni kwa ajili ya kuhifadhi msitu. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017. Mahakama haikuona ushahidi kwamba wao ndio walioumaliza msitu. Lakini lililonitoa machozi ni jingine: mahakama ilisema kuwafukuza kuliwavunjia pia uhuru wao wa kuabudu, na kwamba serikali ilikuwa na njia nyepesi kuliko kufukuza watu, ikagusia hata kuwafutia ada ya kuingia kwenye maeneo yao ya ibada. Ada, shoga! Pale kanisani kwenu Mkunazini wanaokatiwa tiketi ni watalii. Hebu fikiri unakatiwa wewe, asubuhi ya Pasaka, umebeba Biblia yako.

Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara zao na 100,000,000 kwa machungu yao, na ardhi yao wapewe hati. Novemba 2023 nyumba zao zikavunjwa tena huko Sasimwani, mle mle Mau. Kwa hiyo usiende ukaombea jambo lililokwisha.

Sasa dua. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametwambia anayedhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na wewe usiku ule ndani ya basi ulinihadithia Nabothi, aliyeuawa kwa sababu mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Yasomeni hayo mawili pamoja. Ila myasome mkiwaelekea wanaochukua, msiwaelekee walionyang'anywa. Wao wanajua kwamba wamedhulumiwa. Hawahitaji kuhubiriwa subira.

Na mkiri. Vatikani ilingoja mpaka Machi 2023 kuikataa hadharani ile fikra iliyojengwa juu ya barua za mapapa wa karne ya 15, kwamba Mkristo akifika nchi ya asiye Mkristo huwa ameivumbua na ni yake. Nanyi Waanglikana hamkukaa mbali na hayo. Wala sisi Waislamu wa pwani tusijifiche: neno "mshenzi" tumelitumia kumwita mtu wa bara karne na karne, na mtu akishaitwa mshenzi, kumchukulia chake huwa kwepesi. Kanisa lako limesimama palepale palipokuwa na soko la watumwa. Unayajua haya kuliko mimi.

Kwenye ibada msiwasimamishe watu wa asili mbele na manyoya yao wapigwe picha. Waacheni wafungue wao, kwa lugha yao, hata kama hakuna wa kutafsiri.

Nakutumia kwa boti ya Jumamosi chupa mbili za asali ya mikoko. Moja yako. Ya pili nilimwahidi yule mzee siku ile pale hemani, kwamba nitamwonjesha na yetu, na sikuitimiza. Sijui kama yu hai. Ukimkuta Mogiek yeyote huko, mpe, na umwambie imetoka kwa yule aliyekosea jina. Kizibo nimekifunga kwa nailoni, usilaze chupa.

Nijibu kabla hujaondoka.

Shogayo