Kwa nini gurudumu la kifaru chako cha modeli limekatika baada ya woshi

Sherman moja, modeli ya plastiki ya kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli 1/35 (mara 35 ndogo kuliko halisi), ilitufikia karakanani imefungwa sponji pande zote. Mwenyewe alikuwa ameiunga vizuri mno. Maungio ya bodi hayaonekani, rangi ya kijani cha zeituni imepulizwa nyembamba na sawasawa, stika za nyota nyeupe zimelala bila kiputo cha hewa chini yake. Kisha akafika kwenye woshi, ile rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana. Alizimua rangi nyeusi ya mafuta kwa tapentaini, akalowesha kifaru kizima kuanzia tureti, yaani kichwa chenye mzinga, hadi tumboni, akakiacha kikauke usiku kucha. Asubuhi alipokiinua, gurudumu la nyuma la kushoto, lile linalokaza mnyororo, lilikuwa linaning'inia. Ekseli yake imekatika, na mkato wenyewe laini kana kwamba umepita wembe. Kazi ya wiki kadhaa imeingia maji.

Swali lake lilikuwa lile lile tunaloulizwa kila mara: je, plastiki ilikuwa mbovu?

Hapana, plastiki ilikuwa nzima. Modeli nyingi za vifaru hutengenezwa kwa polistirini, na polistirini ina tabia moja ambayo kila anayepaka rangi za mafuta anapaswa kuijua. Ikiwa imetulia, thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi kama tapentaini, inaweza kuigusa isidhurike. Ikiwa imepindwa, imebanwa au inavutwa, thina hupenya palepale penye mkazo, huachanisha plastiki kutoka ndani, na ufa unatokea bila mtu kugusa kitu. Mnyororo wa mpira wa Sherman ile ulikuwa mfupi kidogo, ukavutwa kwa nguvu ili ncha zake zikutane. Kutoka siku hiyo ekseli ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavutwa mchana na usiku. Ilivumilia mpaka ilipolowa tapentaini.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Kifaru kina matundu: ya ekseli, ya chini ya bodi, ya pale tureti inapokaa. Ukikilowesha chote, thina inaingia ndani na kutuama humo, na kwa kuwa hakuna hewa ya kutosha, haikauki kwa dakika chache kama ile ya juu. Inakaa saa nyingi ikila upande wa ndani, ambao haukupakwa rangi wala vanishi. Ndiyo maana nyufa nyingi tunazoziona ziko chini, kwenye ekseli na mikono ya magurudumu, wakati sehemu ya juu haina hata mchubuko.

Sasa turudi kwenye woshi yenyewe, kwa sababu tunaamini makosa mengi huanzia kwenye kutoelewa kazi yake. Woshi ni rangi ya mafuta ya wachoraji, yaani unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya kitani, iliyozimuliwa hadi ikawa nyepesi karibu kama maji yenye rangi. Wengi huidhania ni uchafu wa kukipaka kifaru kionekane kimetoka vitani. Woshi ni kivuli. Kichwa cha bolti chenye upana wa milimita 35 kwenye kifaru halisi kinakuwa milimita 1 tu kwenye skeli 1/35. Mwanga wa chumbani hauwezi kukipatia kivuli kinachoonekana, kwa hiyo tunakichora kwa brashi kuzunguka bolti, kando ya mfuniko, kwenye mshono wa kulehemu, kwenye mifereji ya wavu wa injini. Uchafu ni kazi nyingine yenye hatua zake, na huja baadaye.

Mtindo wa kulowesha kifaru kizima una historia yake. François Verlinden wa Ubelgiji aliusambaza mno miaka ya 1980: woshi nzito ya giza kila mahali, kisha brashi kavu yenye rangi nyepesi inapitishwa juu ya kingo zote. Modeli zake ziliwavutia watu wengi waingie kwenye fani hii, nasi tunamheshimu kwa hilo. Lakini kwa kazi tunazofanya leo, woshi ya ncha, ile inayoguswa mahali inapohitajika tu, inatoa kivuli kilicho safi zaidi na inatumia thina kidogo sana. Hatuloweshi kifaru kizima, hata mteja akiomba.

Kabla ya tone la kwanza, jua ni rangi gani iko chini. Rangi za akriliki na za laka zikishakauka vizuri zinastahimili waiti spiriti, thina tunayozimulia woshi. Rangi za enameli huzimuliwa kwa thina hiyo hiyo, kwa hiyo woshi inaweza kuzilainisha, na ukisugua kidogo tu unakuta plastiki tupu. Mteja akituletea kifaru kilichopakwa enameli tunakichukua, ila lazima kwanza kikauke kabisa kisha kipate ngao juu yake.

Ngao hiyo ni vanishi ya kung'aa ya akriliki. Tunapuliza mikono miwili myembamba, kisha tunaacha saa 48. Wapo wanaosubiri saa 24 na mambo yakawaendea sawa, lakini sisi tunashika mali ya mtu. Vanishi hufanya kazi mbili kwa mpigo. Inazuia thina isifike kwenye rangi na plastiki, na inalainisha uso. Rangi isiyong'aa, hata ukiipapasa ukaiona laini, ina vinyweleo vinavyofyonza woshi kama karatasi ya daftari inavyofyonza wino. Hapo ndipo madoa yenye ukingo mweusi yanapotokea, mfano wa lile doa linaloachwa na maji ya mvua kwenye dari. Juu ya vanishi ya kung'aa, woshi haina pa kushika. Ukigusa chini ya ribiti, ile misumari yenye kichwa cha duara inayounga mabati, kwa ncha ya brashi, unaiona ikikimbia yenyewe, inazunguka ribiti duara zima, inafuata mstari wa maungio sentimita moja au mbili, inasimama. Baada ya miaka yote hii bado tunafurahia kuitazama.

Kuhusu mchanganyiko: tunakamua rangi kiasi cha punje ya mchele juu ya kipande cha kadibodi na kuiacha nusu saa hadi saa moja. Kadibodi inanyonya mafuta ya kitani yaliyozidi, utaona duara la unyevu likitanuka kuizunguka. Rangi iliyopunguzwa mafuta hivi inakauka mapema na haiachi mng'ao. Halafu sehemu moja ya rangi kwa sehemu tisa za thina, au hata zaidi. Thina tunayotumia ni waiti spiriti isiyo na harufu, ile ya wachoraji. Tapentaini hatuigusi kwenye modeli, ni kali mno. Na tunachovya brashi, kisha tunaigusisha kwenye kitambaa kabla haijafika kwenye kifaru. Kitambaa hicho kimeokoa ekseli nyingi.

Baada ya dakika 15 hadi 20, brashi safi yenye unyevu kidogo sana inafuta kilichozidi. Kwenye pande zilizosimama tunavuta kutoka juu kwenda chini, kama maji yanavyoshuka, ili hata kinachobaki kifanane na alama ya mvua. Kwenye sehemu za kulala, kijiti cha pamba kinatosha.

Rangi gani? Nyeusi tupu tunaikwepa karibu kila mara. Inakata modeli vipande vipande kama katuni. Wajerumani waliamuru mwezi wa Februari 1943 kwamba vifaru vyao viwe na rangi ya msingi ya manjano iliyokoza, na juu ya manjano hiyo hakuna kinachokaa vizuri kama kahawia, ile ambayo tyubu yake huandikwa Burnt Umber. Kijani cha T-34 ya Wasovieti au cha Sherman kinakubali kahawia hiyo hiyo ikitiwa nyeusi kidogo. Kijivu cha Wajerumani cha miaka ya mwanzo ya vita kinahitaji giza lenye ubluu. Kifaru kilichopakwa nyeupe kwa ajili ya theluji ndicho kigumu kuliko vyote, maana kosa lolote linaonekana. Hapo tumia kahawia iliyofifia sana, pengine yenye kijivu, na uende taratibu.

Mwenye kifaru cha Kijerumani cha Tiger au Panther chenye Zimmerit, ile plasta yenye mikunjo ambayo Wajerumani waliipaka kuzuia mabomu ya sumaku hadi walipoiacha mwezi wa Septemba 1944, asikilize hapa. Mikunjo ile ni mamia ya mifereji midogo iliyopangana. Ukiipaka woshi ile ile uliyotumia kwenye bolti, upande mzima wa kifaru unageuka mweusi. Izimue mara mbili zaidi ya kawaida, paka eneo dogo kwa wakati mmoja, na futa juu ya migongo ya mikunjo kabla hujahama.

Minyororo tunaitoa. Kama haijafungwa, isifungwe mpaka woshi ikauke kabisa. Kama imefungwa na inavuta, tunaifungua na kuirefusha, au tunakataa kuweka woshi karibu na magurudumu. Hili tutakuambia mapema, kabla hatujaanza kazi.

Habari njema ni kwamba woshi ya mafuta inasameheka. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuruka hewani kama maji. Yanashikana na oksijeni polepole, na kazi hiyo huchukua siku. Kwa hiyo doa la jana bado linaweza kutoka kwa brashi yenye thina kidogo. Hata la juzi, mara nyingi. Doa la wiki kadhaa limeshakuwa ngozi, na hapo dawa ni kupuliza ukungu mwembamba wa rangi ya msingi juu yake, kisha vanishi, kisha kurudia woshi mahali hapo. Usijaribu kulikwangua. Na kama kifaru kinang'aa visivyo baada ya woshi, usihangaike, mng'ao huo unaondolewa na mkono mmoja wa vanishi isiyong'aa. Ila subiri siku mbili au tatu kwanza. Vanishi ikipulizwa juu ya mafuta mabichi inakunjamana, na hilo hatuna namna nzuri ya kulirekebisha.

Vumbi, michubuko, kutu ya ekzosi na tope la madigadi ni huduma nyingine. Tutaziandikia siku yake.

Jambo moja la usalama halihusu modeli bali nyumba yako. Kitambaa kilichofutia mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, kinaweza kupata joto chenyewe mpaka kikawaka, bila kiberiti wala cheche. Ni yale yale mafuta kushikana na oksijeni, na shughuli hiyo hutoa joto. Kitandaze mahali penye hewa kikauke, au kizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji. Na fungua dirisha wakati unafanya kazi, hata kama thina yako haina harufu. Mvuke upo tu.

Sasa, ukitaka tukupakie woshi, au kifaru chako kimeshapata shida kama ile Sherman, tuandikie kabla ya kukituma. Tuambie ni rangi ya aina gani iko juu yake na ilipakwa lini, kama kina vanishi, na ulitumia thina gani. Kama hukumbuki, sema hukumbuki; tutajaribu kwanza tumboni mwa kifaru, mahali pasipoonekana. Piga picha za magurudumu na upande wa chini, hata kama tatizo liko juu. Kipande kilichokatika kitie kwenye mfuko wake, usikigundishe. Gundi juu ya plastiki ambayo bado ina thina ndani haishiki, na inaharibu ule mkato safi tunaouhitaji ili vipande vikutane sawasawa.

Sherman tuliiacha wiki nzima imefunguliwa, tureti pembeni na tumbo juu, mpaka harufu ya tapentaini ikaisha ndani ya bodi. Tulikata mnyororo tukaongeza kiungo kimoja kilichotolewa kwenye masalia ya seti nyingine. Kisha tukatoboa ekseli pande zote mbili za mkato kwa keekee ya mkono ya milimita 0.5, tukapitisha waya wa shaba nyeupe, tukagundisha. Weusi wote wa juu ulitoka kwa vijiti vya pamba, maana mafuta yalikuwa bado mabichi chini ya ngozi yake. Sasa ina vanishi ya kung'aa mikono miwili na iko kwenye rafu, saa ya 31 kati ya zile 48.