Arosto ndiyo huvunja nia ya kutumia kondomu

Ndugu Mhariri,

Kila kampeni ya Ukimwi ikipita hapa Mwanza, wanaojidunga heroini hupewa kondomu na kipeperushi, halafu huulizwa kama wanajua kondomu inazuia nini. Wanajua. Swali la kuuliza ni hili: mteja wa ngono akiongeza dau ili asivae kondomu, na wewe una arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, utafanyaje?

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya mtu hujengwa na mambo matatu: anavyolichukulia jambo lenyewe, anavyodhani watu wake wa karibu wanalitarajia, na anavyojiona kuwa analiweza. Kwa anayejidunga, hilo la tatu ndilo huanguka kwanza. Saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho huanza miayo, mafua, jasho, tumbo kusokota na mifupa kuuma. Mwanamke aliyeapa asubuhi kutumia kondomu, akiiacha jioni, hajabadili msimamo. Maumivu yapo sasa, na virusi anaviona ni habari ya mbele. Ndiyo maana tunasema methadone, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini, ni kinga ya ngono pia: dozi moja humshikilia kwa siku nzima, naye anapata nguvu ya kukataa.

Nyumbani kuna ugumu mwingine. Wapenzi wanaogawana kete za heroini, na mara nyingine bomba la sindano, huona kondomu ni tusi: "Kwani huniamini?" Kwa hiyo huvaliwa kwa mgeni na kuachwa kwa mwenza. Hapa mahubiri hayafui dafu. Wapimwe wote wawili siku moja, VVU pamoja na homa ya ini B na C, na asiye na homa ya ini B achanjwe. Kondomu ikiletwa kama mpango wa wawili, haibaki kuwa shutuma ya mmoja.

Mwili nao una yake. Heroini huchelewesha mwanaume kumaliza, tendo linakuwa refu na kavu, kondomu inapasuka. Wengi hupaka mafuta ya mgando, ambayo huudhoofisha mpira ndani ya dakika chache. Watumie kilainishi cha maji, na tendo likirefuka wabadilishe kondomu. Wanawake ambao hedhi imekatika miezi mingi hudhani hawawezi kushika mimba. Wanaweza, na wakianza methadone uwezekano huongezeka, kwa sababu hedhi na hamu hurudi. Waambiwe wiki ya kwanza, si baada ya mimba.

Aliyeitwa teja miaka mingi huishia kujihesabu kama marehemu, na marehemu hajikingi. Lugha ya mapokezini, tunasisitiza, ni sehemu ya tiba.

Tunaomba kliniki ya methadone ya hospitali ya Sekou Toure na vituo vingine vya kanda ya ziwa wazungumze na mtu akishakunywa dozi na kutulia, kamwe si akiwa foleni anatetemeka. Wamfanyishe mazoezi ya maneno kwa sauti: "Akikataa kondomu, nitasema hivi, akilazimisha, nitaondoka kupitia hapa." Kondomu na vilainishi viwe dirishani pa dozi, achukue bila kuomba. Na kila mmoja ajue kwamba kondomu ikipasuka, dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28.

Washauri nasaha,
Mwanza