Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukoo wa Punda Wetu

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Mkutano uliopita uliagiza kamati ianze kupima vinasaba vya punda wetu wa Lamu kabla ya kuchagua madume ya mbegu. Kazi hiyo ndiyo iliyoubeba mwaka, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini Kenya. Ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Tunashukuru sana, ila marufuku haizai. Punda jike hubeba mimba miezi 12 hivi na huzaa mmoja tu, kwa hiyo wengi wetu tunavutiwa kumtumia dume mmoja mwenye sifa, apande kila jike. Hapo ndipo hatari ilipo.

Fanyeni hesabu hii nyumbani: zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya wote. Dume 1 na majike 50 wanatoa chini ya 4. Kwa upande wa urithi, kundi hilo lote ni sawa na punda wanne, na undugu wa damu hupanda karibu asilimia 13 kila kizazi. Madume 5 wanatoa 18. Kiwango cha 50, ambacho FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hukitaja kwa mifugo inayohifadhiwa, kinahitaji madume 17 kwa majike hao hao 50. Ndiyo maana kamati inawaomba msihasi dume yeyote kabla nywele zake hazijachukuliwa.

Punda wetu wengi huzurura mitaani usiku, na jike hupandwa na dume aliyemkuta. Mama tunamjua, baba tunamkisia. Kipimo cha nywele kinaondoa kubahatisha, mradi nywele zichukuliwe sawasawa. Shika singa chache za shingoni karibu na ngozi, zizungushe kidoleni, zivute kwa ghafla. Angalia ncha: lazima uone kijiuvimbe cheupe, huo ndio mzizi, na DNA tunayoitaka imo humo. Nywele iliyokatwa kwa mkasi haifai kwa kipimo hiki. Zinatakiwa 20 hadi 30 zenye mizizi. Mwanapunda ana singa laini zinazokatika, basi vuta za mkiani na uongeze idadi. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa plastiki, kwa sababu jasho la humo huotesha ukungu na ukungu huharibu DNA. Andika jina la mnyama, jinsia, mama yake na tarehe kabla ya kumgusa mwingine, kisha futa mikono. Singa moja ya mama ikiingia kwenye bahasha ya mwana, jibu zima linavurugika. Bahasha ikae pakavu ndani ya nyumba, isiachwe juani.

Daktari akichukua damu, chupa iwe ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye kifuniko cha zambarau. Heparini, dawa nyingine ya aina hiyo, huzuia kazi ya PCR, yaani njia ya kunakili DNA maabarani.

Kuhusu majibu, wapo waliolalamika kwamba dume wao amekataliwa ubaba kwa alama moja tu, yaani sehemu moja ya DNA inayolinganishwa na ya mwana. Walilalamika kwa haki. Maabara nyingi hutumia alama zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na mfuatano wa DNA zao haufanani kila mahali. Alama ikishindwa kushika nakala iliyotoka kwa mzazi mmoja, punda huonekana amerithi kitu kimoja kutoka kwa wazazi wote wawili, kumbe nusu haikusomeka. Kwa hiyo dume asikataliwe kwa alama moja isiyolingana. Zikiwa mbili au zaidi, kipimo kirudiwe kwa nywele mpya, ndipo tuamue.

Kisiwa kina mtego wake. Huko Asinara, kisiwa cha Italia karibu na Sardinia, wapo punda weupe ambao watafiti mwaka 2016 walieleza chanzo cha weupe wao: herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye jeni ya tairosinesi, inayohusika na kutengeneza rangi ya mwili, C ikawa G. Punda mwenye nakala moja ana rangi ya kawaida. Nakala mbili zikikutana, anazaliwa mweupe na jua linamtesa macho. Wabebaji hawaonekani kwa macho, na katika kundi dogo lililofungiwa na bahari hukutana mara nyingi. Vivyo hivyo, ukiona mwanapunda ambaye meno ya juu na ya chini hayakutani, au dume ambaye korodani moja haijashuka, usimfiche. Mwandikishe pamoja na wazazi wake.

Dume mgeni kutoka bara anakaribishwa, lakini kwanza apimwe damu. Kule kuna mbung'o, na punda anaweza kubeba vimelea bila kuonyesha ugonjwa.

Kuhusu shahawa zilizogandishwa, kamati haishauri kuzitegemea kwa sasa. Za punda hushika mimba vizuri zaidi kwa farasi jike kuliko kwa punda jike. Kuziweka kama akiba ni sawa. Kupandisha kwa njia hiyo, bado.

Mwaka 2022 uchunguzi wa jenomu za punda 207 wa leo na 31 wa kale ulionyesha kwamba punda alifugwa mara moja tu, Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Watafiti wataendelea kuzitaka nywele za huku. Msitoe hata singa moja iende ng'ambo bila kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mkataba ulioandikwa kwamba majibu yatarudi kwetu.

Leo tunapigia kura mawili: daftari la madume, na zuio la kumpandisha jike na dume waliochangia mzazi mmoja. Wenye wanapunda wasioandikishwa wachukue bahasha mezani kwa katibu kabla ya kuondoka.