Kwa vijana wa mashua na boda boda wa Lamu: mizani ya daktari na mizani ya hakimu si moja

Vijana wetu wa Lamu, Shela na Matondoni,

Asalaam aleikum. Gatini na barazani siku hizi pana maneno mawili yanayozunguka. La kwanza, eti bangi imeshatolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya duniani. La pili, eti majani ya bangi si unga, yaani heroini, kwa hivyo ukishikwa nayo hakuna kesi ya maana. Kwa maneno hayo mtu hubeba kifurushi cha mgeni kutoka gatini mpaka hotelini kwa ujira wa hamali, moyo wake umetulia kabisa. Hukumu ya dini masheikh wapo, waulizeni. Mimi nasema ya hospitali na ya mahakama, kwa kuwa nyinyi mwayachanganya.

Nianze na hilo la dunia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 una majedwali manne. Bangi ilitiwa katika mawili kwa pamoja: la I, la vitu vinavyodhibitiwa, na la IV, la vile vilivyohesabiwa kuwa na madhara makubwa na faida ndogo ya tiba. Heroini imo humo humo. Tarehe 2 Desemba 2020 nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura, 27 kwa 25, moja ikajizuia, na bangi ikatolewa jedwali la IV. Katika la I ingalipo mpaka leo. Kura ile ilikubali kwamba mmea una manufaa ya tiba, basi. Ruhusa ya kuvuta haikumpa mtu.

Tena msidhani jedwali ni kipimo cha ubaya. Mofini wanayopewa wagonjwa wa saratani kutuliza maumivu nayo imo jedwali la I. Marekani ilikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 1970 iliiweka bangi daraja la juu kabisa, pamoja na heroini, ikaiweka kokeini daraja la II, kwa sababu madaktari wa pua na koo huitumia kutia ganzi. Hakuna daktari mwenye akili zake atakayekwambia kokeini ina usalama kuliko bangi. Majedwali haya huamua nani aruhusiwa kukishika kitu, na kwa karatasi gani. Kwamba kitakufanya nini mwilini, hilo ni somo jingine.

Sasa njooni kwetu. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ni ya 1994, ikarekebishwa 2022. Jedwali lake la kwanza lina bangi na utomvu wake, heroini, kokeini na kasumba. La pili lina vidonge vya kutuliza akili, pamoja na hivyo mnavyoviita bugizi. Mwenye kuandikiwa na daktari hana kosa, lakini vidonge vikae ndani ya pakiti yake na cheti kiwe karibu. Kidonge kilichofungwa kwenye kipande cha nailoni hakina wa kukitetea.

Kifungu cha 3 ni cha kupatikana nayo. Kwa bangi, ukiithibitishia mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yako mwenyewe tu, adhabu haizidi miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Angalieni hapo: mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wa polisi. Kifungu cha 4 ni cha ulanguzi, na hapa ndipo vijana wa kazi zenu wanapoangukia. Ulanguzi katika sheria si kuuza peke yake. Kununua ni ulanguzi, kumpa mtu ni ulanguzi, kumwekea mtu ni ulanguzi, kusafirisha na kufikisha pia. Hata ukiuza majani makavu ya mti mwingine ukasema ni bangi, kosa ni lile lile. Mzigo ukizidi gramu 100, sheria yataja faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo cha miaka 50. Gramu 100 haifiki hata nusu ya ile robo kilo ya sukari mnayonunua dukani. Kwa hivyo anayesema "mimi nilikuwa napeleka tu" amejitaja mwenyewe kwenye kifungu kizito, akidhani anajitetea.

Na chombo nacho. Mashua au pikipiki iliyotumika kubeba yaweza kutaifishwa, na wengi wenu chombo si chenu, ni cha tajiri aliyewaamini. Kifungu cha 5 chamshika anayevuta, anayekutwa bila sababu ya halali mahali watu wanapokusanyika kuvuta, mwenye nyumba aliyeruhusu, na hata mwenye kiko au chombo cha kuvutia: mpaka miaka 10 au shilingi 250,000, au vyote viwili. Kupanda bangi shambani ni kifungu cha 6, mpaka miaka 20.

Ukishikwa, Katiba yakupa haki ya kunyamaza, kuonana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Taka uone mzigo ukipimwa mbele yako, uzito uandikwe. Mbele ya hakimu, kabla hujajibu, sikiliza umesomewa kifungu gani, cha 3 au cha 4. Huwa jamaa wanamnong'oneza kijana, "Kubali tu, utatozwa faini kidogo," naye akakubali shitaka la ulanguzi bila kujua. Omba muda upate wakili.

Miraa na mugoka, aina yake moja, ni jambo jingine kabisa. Kenya ni zao la halali, ingawa mnamo Mei 2024 kaunti za pwani, Kilifi ikiwemo, zilijaribu kuipiga marufuku mugoka na mahakama ikasitisha. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, kifurushi hicho hicho ni dawa ya kulevya. Mabaharia wa Tanga na Unguja, pekueni mikoba yenu kabla ya kung'oa nanga.

Daktari yeye hatazami majedwali. Hutazama kitu hiki kinaupeleka mwili wapi. Miraa na kokeini huuchochea: moyo mbio, usingizi hauji. Unga, bugizi na pombe huuzamisha, na kinachoua ni pumzi kusimama. Bangi haikai sawasawa upande wowote. Mapigo ya moyo hupanda huku akili ikilegea, na kwa kijana ambaye ubongo wake haujakomaa, kuvuta kila siku huongeza hatari ya wazimu. Bangi peke yake ni nadra kusimamisha pumzi. Ikisokotwa pamoja na unga na bugizi, hesabu hiyo imekufa.

Wanaokula biskuti au keki za bangi wanazoletewa na wageni wajue hili: moshi hupanda kichwani kwa dakika chache, ya kuliwa hungoja nusu saa mpaka saa mbili. Mtu hula kipande, haoni kitu, huongeza cha pili na cha tatu, kisha vyote humfikia kwa mpigo akiwa ameshika usukani. Na wanaotafuta kazi melini: mkojo wa mvutaji wa kila siku waweza kuonyesha bangi hata mwezi baada ya kuacha. Kunywa maji ndoo nzima usiku mmoja hakuifuti, kwa sababu hukaa kwenye mafuta ya mwili.

Mwenzenu wa unga akilala akakoroma kwa mkwaruzo, midomo ikageuka samawati, mboni zikawa kama ncha ya sindano, hajalala huyo. Mtikiseni, muiteni kwa jina. Kama hajibu, mmoja akimbilie msaada. Akiwa apumua, mlazeni ubavu. Kama pumzi imekatika, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni mdomoni mara moja kila sekunde tano mpaka afikishwe Hospitali ya King Fahd. Msimmiminie maziwa wala maji ya chumvi kinywani; vitaingia mapafuni. Mwambieni mhudumu ametumia nini hasa, maana iko sindano ya naloksoni inayozindua mtu wa unga, lakini kwa bugizi haifanyi kitu.

Anayetaka kutoka kwenye unga apige 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu wa unga badala ya unga. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, mwanzo kidogo, kisha huongezwa polepole mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, itulie. Ukikosa siku tatu mfululizo usidai dozi yako ya zamani: mwili umeshaizoea hali ya kukosa, na kipimo kilichokutuliza wiki iliyopita chaweza kukuua. Waambie ukweli wa siku ulizokosa, wakupime upya.

Mzee wenu,
Mkomani, Lamu