Lameck, njoo unisikilizie hili trekta

Kongwa, mwishoni mwa Aprili

Lameck ndugu yangu,

Mbukwa! Habari za Morogoro, habari za nyumbani, mama watoto na wale mapacha hawajambo? Huku wazima. Mvua zimekata mapema lakini mtama umebeba, hatulalamiki. Najua tangu msiba wa mama mkubwa hatujaandikiana, na kila mtu ana sababu zake. Zangu nitakueleza ukija, zako nitazisikiliza tukiwa tunakula. Leo nina haraka, kuna trekta.

Usicheke. Safari hii si maneno ya kijiweni. Ni Massey Ferguson 290, liko Kibaigwa upande wa nyuma wa soko la mahindi, uani kwa yule mzee aliyekuwa akimlimia marehemu Chiwanga. Mbele lina kijiko cha kupakilia. Anataka milioni 28, na dalali anasema kuna mtu wa Kiteto anakuja Jumamosi na fedha taslimu. Madalali wote wana mtu wa Kiteto. Lakini majani yangu ya malisho, yale ya cenchrus, yameanza kutoa maua, na unajua yakishageuka mabua ng'ombe anayatafuna kwa adabu tu. Kwa hiyo hata kama huyo mtu wa Kiteto hayupo, majani yapo na hayanisubiri.

Nikueleze ninachokitaka, maana Mama Sechelela ameshanieleza asichokitaka. Kazi ni mbili. Ya kwanza ni majani: kukata, kukusanya kwa reki, kuvuta ile bela, mashine ya kufunga marobota, niliyonunua kwa mchungaji, halafu kuyahifadhi marobota hadi Septemba, wafugaji wa maziwa wa mjini wanapoanza kuhangaika. Ya pili ni samadi. Boma la zamani la baba lina samadi ya miaka na miaka, imekandamizwa na kwato mpaka koleo linadunda, na wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaitaka kwa malori. Vijana wakipakia kwa mikono, lori moja linakula siku nzima, na jioni mnagombana bei. Ndiyo maana nilipokiona kijiko nikajiona tajiri palepale.

Kwa majani, sina wasiwasi na hilo trekta. Nilimpigia mzee simu asiliwashe kabla sijafika, na nilipoweka mkono kwenye injini ilikuwa baridi kweli. Hilo peke yake lilinifanya nimheshimu. Stata ikazungusha kidogo, likashika, moshi mweupe kidogo kisha ukakata. Lilipopata moto nikafungua kifuniko cha kuwekea oili likiwa linaunguruma. Linapumua, ndiyo, lakini si lile la kukurushia oili usoni. Kijiti cha oili hakina utandu wa maziwa, rejeta haina mafuta yanayoelea. Ni ile Perkins A4.248 ya silinda 4, lita 4 na kitu, unaijua kuliko mimi. Ilipotoka kiwandani trekta lilikuwa na nguvu za farasi kati ya 75 na 80. Hata leo zikibaki 60, bela ndogo ya marobota ya mraba haizimalizi. Linatoa oili kidogo pale injini inapoungana na nyumba ya klachi, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema sili ya nyuma ya injini hizi ni ya kamba na uzeeni lazima ivuje. Mita ya masaa imekufa. Mzee anasema imekufa juzi. Juzi ya mwaka gani, hakusema.

Nilichokitafuta kwa macho mawili ni klachi. Ni ya hatua mbili, na zote zinafanya kazi. Ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, inaendelea kuzunguka. Kwa mtu wa bela hiyo ndiyo roho ya kazi: unakuta mstari umekuwa mnene, unasimama, unaiacha mashine imeze, ndipo unaendelea. Lile la shemeji yako ukikanyaga klachi kila kitu kinasimama, bela inakabwa, mnashuka na mapanga kuchomoa majani huku jua linawachoma. Tulifunga slasha ya jirani, ile ya kufyekea majani, nikakanyaga nusu, trekta likasimama tuli na slasha ikaendelea kuvuma. Nikaishika ncha ya shafti ya PTO baada ya kuzima, nikaitikisa: inacheza kidogo sana, sili yake kavu.

Giaboksi ni ile ya kawaida, gia 8 za mbele na 2 za nyuma. Haina Multi-Power, ile ya kubadili kasi ya juu na ya chini bila kukanyaga klachi, na kwangu huo ni unafuu. Najua wewe unaipenda, lakini ile ikiwa upande wa chini, ukiteremka mlima injini haishiki, linaserereka lenyewe. Na tela la marobota kwenye ule mteremko wa korongo letu? Hapana, asante.

Sasa njoo kwenye kijiko. Hapa ndipo sijalala vizuri.

Kwanza rangi. Trekta zima limechakaa kiungwana, nyekundu iliyopauka kwa jua la Ugogo, lakini kuanzia kwenye mikono ya kijiko hadi ubavuni mwa injini rangi ni mpya, bado inanuka. Mtu hapaki rangi mahali pamoja bila sababu. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikafuta pale vyuma vya kijiko vinapofungwa. Bolti za upande wa kulia ni za ukubwa mbili tofauti, moja ina nati mbili juu yake, na chini ya nati kuna mstari mwembamba kama unywele kwenye chuma cha kutupwa, kile cha kumiminwa kwenye kalibu. Inaweza kuwa mkwaruzo. Inaweza kuwa ufa. Nilipitisha kucha, ikakwama kidogo. Mzee aliponiona nimepiga magoti pale akaanza kunisimulia habari za wajukuu wake.

Halafu ekseli ya mbele. Nilimwambia akandamize kijiko chini mpaka pua ya trekta ikainuka, tukaweka magogo chini ya ekseli (sikutaka kufa Kibaigwa), nikashika gurudumu juu na chini nikatikisa. La kushoto, kingipini, ile pini ambayo gurudumu linakatia kona juu yake, imelegea lakini bushi za kubadilisha zipo madukani. La kulia hivyo hivyo. Kilichonishtua ni pini ya katikati, ile ambayo ekseli yote inachezea juu yake. Ukisukuma ekseli mbele na nyuma, inagonga. Unaisikia kwanza mkononi, halafu sikioni. Na ekseli yenyewe ina kiraka cha kuchomelea upande wa chini, kimechomelewa na mtu aliyekuwa na haraka.

Tukajaza mchanga kwenye kijiko, tukakiinua hadi usawa wa kifua, mzee akazima injini. Tukaletewa chai. Kabla sijamaliza kikombe kijiko kilikuwa kimeshafika usawa wa goti. Na hiyo ni kabla sijamwomba alifanyishe kazi mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto. Yakiwa baridi kinapanda vizuri, yakishapata moto kinapanda kwa kubembelezwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye hizi Massey pampu ya haidroliki imo ndani, inazungushwa kupitia njia ileile ya PTO. Nimeliona kwa macho sasa: ukikanyaga klachi mpaka chini, kijiko nacho kinasimama kinapumzika. Kwa hiyo dereva wa kijiko anajifunza kucheza na nusu klachi, mbele nyuma, mbele nyuma, siku nzima, na klachi inaliwa. Na mafuta ni yaleyale ya giaboksi na difu. Mipira ya kupitishia mafuta ya kijiko chake haina hata vifuniko, ncha zimelala kwenye vumbi. Kila walipochomeka na kuchomoa, mchanga ukaenda kutembelea gia. Nikimwaga mafuta hayo nitakuta nini chini?

Na mchanga wenyewe ni wa huku. Hii ndiyo ardhi iliyowashinda Waingereza na mradi wao wa karanga, 1947 hadi 1951, na wao walikuja na vifaru vya vita walivyovigeuza matrekta. Babu alikuwa akisema majembe yao yalisagika kama yamelambwa. Mimi nitaitegemea pini ya katikati inayogonga?

Nyuma ya trekta hakuna uzito wowote. Hakuna jiwe la zege kwenye lifti, matairi hayana maji. Maana yake miaka yote hiyo kijiko kimekuwa kikibeba na ekseli ya mbele ndiyo inayolipa, huku magurudumu ya nyuma yakitaka kuruka. Ndiyo nikaelewa kile kiraka.

Kwa hiyo haya ndiyo mawazo yangu, nikosoe. Naona yale ni matrekta mawili yamefungwa pamoja. La nyuma ya usukani ni trekta zuri la majani, lina miaka mingi mbele yake. La mbele ya usukani limechoka, na bei anayoitaka mzee ni ya kijiko zaidi kuliko trekta. Ninataka nimwambie: toa kijiko, kibaki kwako, nikupe milioni 20, nibadilishe pini na bushi, nimwage mafuta yote, niende kukata majani. Majani hayataki mbele pazito. Samadi ni kazi ya msimu mmoja kwa mwaka, nitakodi kijiko cha wachimba barabara siku moja, kinamaliza boma lote, mimi nimekaa kivulini.

Halafu usiku nabadilika. Nalala nawaza lori la Mpunguzi limesimama bomani, mimi niko juu ya trekta langu mwenyewe, na vijana wamekaa wananitazama. Unanijua. Mama Sechelela anasema kwa fedha hiyo ningepata maksai wa kutosha na hawavuji oili. Nikamwambia maksai hawana PTO. Hakucheka.

Na ule mstari kwenye chuma, Lameck. Narudi hapo kila mara. Kama ni ufa na umefika kwenye nyumba ya klachi, basi hata hilo trekta la majani ninalolisifu halipo, maana Massey haina fremu, injini na giaboksi ndizo zinazobeba kila kitu. Ukivunjika pale umekatika vipande viwili. Ninachotaka kukijua kabla ya kutoa hata shilingi ni hicho, mengine yote tutafukuzana nayo kwa spea. Spea za 290 utazikuta mpaka kwa muuza soda.

Matairi, nikupitishe haraka: ya nyuma ni 18.4-30, meno yamebaki nusu lakini ubavuni yamepasukapasuka kwa jua, yatanivusha msimu huu. Betri mpya. Breki moja inashika kuliko nyingine. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi la kuotesha mbegu. Kadi ina jina la mtu mwingine, mzee anasema ni la mdogo wake. Nimemwambia huyo mdogo aje na kitambulisho twende TRA wote watatu, na nihakikishe halijawekwa rehani popote. Akanyamaza kidogo, kisha akakubali.

Sasa nakuomba. Njoo Ijumaa. Usipande treni ya umeme, utaniletea sifa za viti mpaka tuchoke na bado ungepitishwa hadi Dodoma mjini. Panda basi, ushuke Kibaigwa stendi, mimi nitakuwa pale na pikipiki ya Madenge. Nauli yangu, chakula changu, na ukisema trekta halifai sitanuna. Fundi Shabani angekuja, lakini yeye na yule mzee ni watani, atamwonea haya.

Una bado ile dawa ya rangi ya kupuliza kwenye chuma ili ufa ujitokeze? Geji ya kupima presha ya haidroliki unayo wewe au ilibaki gereji? Hivi pini ya katikati inaweza kubadilishwa peke yake, au tundu lenyewe likishatanuka ni lazima kwenda kwa mtu wa lathe, ile mashine ya kuchonga vyuma? Na kushuka kwa kijiko kule, unadhani ni sili za silinda tu au ni vali? Wewe ungelipa ngapi bila kijiko, kwa ukweli, usinipe bei ya urafiki? Na kuchomelea chuma cha kutupwa ubavuni pale, umewahi kuona kikadumu, au ni hadithi za mafundi wa kando ya barabara? Mapacha wameanza shule? Yule mwenye nyumba wenu alishaacha ule ujinga wa maji?

Nijibu kabla ya Alhamisi jioni, hata kwa meseji ya neno moja, nimwambie mzee asubiri. Na ukija, njoo na jeki yangu ya tani 5. Usiniambie haukumbuki.

Ni mimi mwenzio,
Baba Sechelela